Mgeni Hangoji Tena Kivuko

Katika matendo saba ya huruma ya mwili tuliyofundishwa tangu katekisimu ya utotoni, limo moja ambalo wengi wetu hulitaja kwa midomo na kulisahau kwa mikono: kuwapokea wasafiri. Kumlisha mwenye njaa twakumbuka, maana njaa huonekana usoni. Kuzika wafu hatuachi, maana kijiji kizima hututazama. Lakini msafiri hupita tu. Leo yupo, kesho hayupo. Jina lake hatulijui, na asipopokewa hana mtu wa kumpelekea mashitaka yake. Kwa sababu hiyo Maandiko Matakatifu hulirudia fundisho hili mara nyingi, tangu kitabu cha Mwanzo hata nyaraka za Mitume, kana kwamba Mwenyezi Mungu amejifanya mwenyewe kuwa wakili wa mtu aliye njiani.

Fundisho la leo tutalisoma tukiwa Sengerema, ng'ambo ya magharibi ya Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na mbele yake, hakuwa na budi kusimama Kigongo na kungoja kivuko cha kumvusha hata Busisi. Pengine alingoja saa nzima, pengine zaidi. Hapo palikuwa na akina mama wa chai na samaki, palikuwa na kivuli, palikuwa na mazungumzo. Aliyechelewa kivuko cha mwisho alipaswa kutafuta mahali pa kulaza ubavu wake.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalounganisha Kigongo na Busisi. Sasa gari huvuka kwa dakika chache. Tumshukuru Mungu, tena tuwashukuru waliofanya kazi hiyo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji tena gatini akitazama taa za kivuko kilicho ng'ambo ya pili.

Walakini tuangalie jambo moja. Kungoja kule, pamoja na taabu yake yote, kulimlazimisha mwenyeji amwone mgeni. Leo basi hupita na vioo vimefungwa. Msafiri hajapungukiwa na shida zake: bado ana kiu, bado huibiwa nauli, bado huugua njiani, bado hufika usiku mahali asipomjua mtu. Ila sasa hakuna kinachotulazimisha kumtazama. Ukarimu ambao zamani uliletwa na kivuko, sasa hauna budi kuletwa na moyo. Basi tuulize: Biblia yatufundisha tuufanyeje?

KWANZA: KUMWONA

Mwalimu wetu wa kwanza ni Abrahamu. Sura ya 18 ya kitabu cha Mwanzo yasimulia kwamba alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake, chini ya miti ya Mamre, wakati wa jua kali. Ni saa ambayo kila mtu mwenye umri wake angekuwa amelala. Akainua macho, akaona watu watatu wamesimama. Hawakumwomba kitu. Hawakubisha hodi. Yeye ndiye aliyewakimbilia.

Tuangalie utaratibu wa mzee huyo. Aliwaletea maji ya kunawa miguu, akawapa kivuli wapumzike, kisha chakula. Hakuanza kwa kuwauliza ninyi ni nani, mmetoka wapi, kabila gani, dini gani. Maneno yake yalikuwa madogo na matendo yake makubwa: aliwaahidi kipande cha mkate, kumbe Sara akakanda vipimo vitatu vya unga mzuri, na ndama laini akachinjwa, na siagi na maziwa vikaletwa. Wako watu ambao desturi yao ni kinyume cha hiyo. Mgeni husikia habari ya kuku tangu asubuhi, na jioni huletewa mchuzi.

Tena imeandikwa kwamba wageni walipokuwa wakila, Abrahamu alisimama karibu nao chini ya mti. Tajiri mwenye watumishi wengi amesimama kama mtumishi! Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, wayakumbuka mambo ya namna hii, ukituonya tusisahau kuwakaribisha wageni, kwa sababu wako watu waliowakaribisha malaika pasipo kujua. Maana yake si kwamba tumkaribishe kila mtu tukitumaini kwamba huenda ni malaika. Maana yake ni kwamba Abrahamu hakujua, wala hakungoja kujua.

PILI: KUMWANDALIA KABLA HAJAFIKA

Mwalimu wa pili ni mwanamke. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, chatuletea habari ya mama mmoja wa Shunemu. Aliona kwamba nabii Elisha hupita kwao mara kwa mara, akawa akimlazimisha kula chakula. Baadaye akamwambia mumewe wajenge chumba kidogo juu ya dari, waweke humo kitanda, meza, kiti na taa, ili nabii akija apate mahali pake.

Vitu vinne tu, tena vyote vya kawaida. Lakini tazameni hekima ya mama huyo. Kitanda kwa mwili uliochoka. Meza na kiti kwa mtu mwenye kazi yake ya kufanya. Taa, kwa sababu mgeni hajui mlango uko wapi gizani. Mama alikaa akafikiri: mtu akiwa safarini hupungukiwa na nini? Ndipo akaviweka tayari.

Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni ya watawa wake katika karne ya sita, alifuata hekima hiyohiyo. Katika sura ya 53 aliagiza kwamba wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe. Wala hakuishia hapo. Aliagiza pawe na jiko la wageni peke yake, kwa kuwa wageni hufika saa zisizojulikana na monasteri haikosi kuwa nao. Na katika nyumba ya wageni vitanda viwe vimetandikwa vya kutosha. Huruma ya Mtakatifu huyo ilikuwa na sufuria na matandiko.

Sasa turudi Sengerema. Hapo ipo hospitali kubwa iliyo chini ya Jimbo la Geita, nayo hupokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali na kutoka visiwani. Kila mgonjwa huja na mtu wake. Katika hospitali nyingi za nchi yetu ndugu ndiye mpishi wa mgonjwa, ndiye mfuaji wa nguo zake, ndiye mlinzi wake usiku. Mgonjwa ana kitanda na jina lake limeandikwa katika daftari. Yule ndugu hana kitanda wala daftari. Amekuja na kanga mbili na fedha za siku tatu, na ugonjwa umechukua majuma matatu. Kuni hajui zauzwa wapi. Unga umekwisha. Simu ya nyumbani inampa habari za watoto wanaolia.

Huyo ndiye msafiri wa leo, ndugu wasomaji. Hasimami tena gatini Busisi. Amekaa chini ya mwembe nje ya wodi. Hali hii haiko Sengerema peke yake. Iko Bugando, iko Muhimbili, iko kila mji wenye hospitali. Je, Jumuiya zetu Ndogondogo haziwezi kuwa na chumba chao cha Shunemu? Si lazima kiwe jengo. Jumuiya ikiwa na debe moja la unga, sufuria mbili za kuazimisha, mkeka, na nyumba mbili tatu zilizo tayari kumlaza mama mgeni, imekwisha kuweka kitanda, meza, kiti na taa.

TATU: KUMPOKEA HATA ASIYESTAHILI

Hapa tunafika mahali pagumu. Kumkaribisha nabii ni heshima. Je, mtu aliyetutenda mabaya? Kitabu cha Mithali, sura ya 25, chatuagiza kumlisha adui mwenye njaa, na Mtakatifu Paulo aliwarudia Warumi agizo hilo. Watu husoma maneno hayo na kudhani ni ya malaika. Basi tutazame jambo lililotendeka karibu na Kigongo penyewe.

Upande wa mashariki wa ghuba hii ipo Bukumbi. Mapadre Weupe walianzisha misioni yao hapo mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882. Mwaka 1885 walirudi Buganda, ambako Kabaka Mwanga alikuwa ametawala. Haukupita muda mrefu Kabaka huyo akaanza kuwaua Wakristo wa nyumba yake mwenyewe. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Mashahidi Wakatoliki wa Uganda waliouawa katika miaka hiyo, jumla yao 22, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964.

Mwaka 1888 mambo yaligeuka. Mwezi wa Septemba Mwanga alipinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi hata kusini mwa ziwa. Mwezi wa Oktoba wamisionari nao walifukuzwa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wakavuka ziwa katika mashua moja. Njiani mashua ilipigwa na kiboko, na vijana kadhaa wakafa maji. Mapadre wakafika Bukumbi, wamechoka na wamefiwa. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Padre Simeoni Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Yeye alikuwa amewafundisha dini wengi wa vijana waliouawa.

Mwanga kwanza alikaa Magu kwa wafanya biashara Waarabu, naye akawa kama mfungwa mikononi mwao. Hatimaye aliwatoroka. Alikwenda wapi? Alikwenda Bukumbi, kwenye nyumba ya Mapadre.

Fikirini habari hiyo katika nyumba zenu. Anayebisha hodi ni mtu aliyeamuru watoto wako wa kiroho wachomwe moto. Hana ufalme tena, hana jeshi. Ana njaa na hofu. Nani angewalaumu Mapadre kama wangefunga mlango? Hawakuufunga. Walimpokea wakampa hifadhi, na mwaka 1889 akaondoka kwenda kukitafuta tena kiti chake.

Mtu aweza kusema kwamba Mapadre nao walikuwa na tumaini la kurudi Buganda kwa msaada wake. Yamkini ni hivyo. Moyo wa binadamu haubebi nia moja tu. Lakini usiku ule hakuna aliyejua kama Mwanga angepata tena hata kijiji. Mkate ulitolewa kwa mtu aliyeshindwa. Wala ukarimu huo haukumfanya kuwa mtakatifu: alirudi kutawala, akagombana na Waingereza, akahamishwa hata visiwa vya Shelisheli, akafa huko mwaka 1903. Hili nalo ni fundisho. Tukimpokea msafiri hatununui mwenendo wake wa kesho. Twamtendea Mungu haki ya leo.

NNE: KUMSINDIKIZA

Wahenga wetu walijua kwamba mgeni hajaagwa mpaka asindikizwe. Maandiko Matakatifu yakubali kabisa. Abrahamu alipokwisha kuwalisha wale watatu, alikwenda pamoja nao ili awasindikize njiani. Mtakatifu Paulo, akimwandikia Tito katika sura ya 3, amwagiza awasafirishe kwa bidii Zena mwanasheria na Apolo, wasipungukiwe na kitu cho chote. Naye Mtakatifu Yohane, katika waraka wake wa tatu, amsifu Gayo kwa kuwasaidia ndugu walio wageni, na amhimiza awasafirishe kama impasavyo Mungu. Hayo ndiyo mababu zetu waliyoyaita masurufu: chakula cha njiani na fedha ya kumfikisha mtu aendako. Kumlaza mgeni na kumwachia asubuhi barabarani bila nauli ni kumfanyia nusu ya wema.

Sisi watu wa ziwa tuna sababu ya kuipenda sura ya 28 ya Matendo ya Mitume. Merikebu iliyomchukua Paulo ilivunjika karibu na kisiwa cha Malta, na watu wote 276 wakafika nchi kavu salama, wengine juu ya mbao. Wenyeji hawakuwajua. Wengi wao walikuwa wafungwa na askari. Lakini mvua ilinyesha na baridi ilikuwako. Basi wenyeji wakawasha moto. Publio, mkuu wa kisiwa, akawakaribisha siku tatu. Na miezi mitatu ilipopita, wasafiri walipotaka kuondoka, watu wa kisiwa wakawapakilia vitu walivyovihitaji. Moto kwanza, nyumba baadaye, masurufu mwishoni. Hakuna hatua waliyoiruka.

Ziwa letu nalo lina siku zake za msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ilipokaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokaribia kutia nanga Ukara. Watu 228 walikufa, na 41 wakaokolewa. Siku ile wavuvi waliingia majini na mitumbwi yao, kama watu wa Malta, pasipo kuuliza anayezama ni wa nani. Hatuna budi kuwakumbuka katika sala, waliokufa na waliookoa.

Bwana wetu Yesu Kristo naye, aliposimulia habari ya Msamaria mwema, hakuishia kwenye mafuta na divai. Yule Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, nazo zilikuwa mshahara wa siku mbili wa kibarua, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Alikuwa mtu mwenye safari yake. Hakuacha shughuli zake zote, wala hakumwacha mgonjwa. Alitafuta mtu wa kusaidiana naye, akalipa. Ninyi mnaosema kwamba hamna nafasi, mfano huu ni wenu.

TANO: BUSARA

Msomaji mmoja atasema: Padre, siku hizi mgeni aweza kuwa mwizi. Ni kweli, wala Biblia haikulificha jambo hilo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 11, chatuonya tusimwingize kila mtu nyumbani, kwa kuwa hila za mwovu ni nyingi. Roho yuleyule aliyemsifu Abrahamu ndiye aliyetoa onyo hilo. Mwenye mabinti na watoto wadogo ana wajibu wa kwanza kwao.

Wakristo wa zamani waliunganisha mambo hayo mawili. Kitabu kiitwacho Didake, kilichoandikwa karibu na nyakati za Mitume, chaagiza kwamba msafiri asaidiwe kadiri iwezekanavyo, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kukaa zaidi, naye ana ufundi, basi afanye kazi ale. Nani kati yetu asiyeisikia hapo methali ya Waswahili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Wakristo wa zamani na wahenga wetu waliona jambo moja: mgeni asiyepewa jembe mwishowe huchukiwa, na anayepewa jembe huwa mtu wa nyumba.

Basi ukimwogopa mgeni, usimfukuze. Mpeleke kwa balozi, au kwa mwenyekiti wa mtaa, au parokiani. Mpe maji na chakula penye watu wengi. Mtafutie mahali pa kulala palipo salama kwake na kwako. Hofu yaweza kutuambia tumpokee namna gani. Haiwezi kutupa ruhusa ya kumwacha njiani.

KUMALIZIA

Wale wanafunzi wawili wa Emau walitembea na mgeni njiani wasimjue. Jua lilipokuchwa alitaka kuendelea mbele. Wao wakamshurutisha akae. Laiti wangemwacha apite, wangelala usiku ule bila kujua kwamba Bwana amefufuka. Walimtambua mezani, katika kuumega mkate. Na siku ya mwisho, kama Mtakatifu Matayo anavyoandika katika sura ya 25, Bwana atatuuliza habari ya wageni tuliowapokea na tusiowapokea, wala hatatuuliza kama tuliwajua majina.

Daraja ni kitu chema. Limemwondolea msafiri taabu ya maji. Taabu zilizobaki ametuachia sisi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika Jumuiya:

1. Katika mtaa wetu, wasafiri wanaohitaji msaada hukaa wapi siku hizi: stendi, hospitalini, mwaloni? Nani kati yetu huwapitia kuwatazama?

2. Kama mgeni angefika usiku wa leo, tungekuwa na kitu gani tayari kwa ajili yake? Ni kitu gani kimoja tungeweza kukiweka tayari juma hili?

3. Yuko mtu aliyetukosea ambaye, akija na shida mlangoni petu, tungetamani kumfungia? Tungefanya nini mbele ya Mungu?

4. Mgeni wa mwisho aliyelala kwetu, tulimsindikiza mpaka wapi? Je, alifika?